NUNGU WA BAHARI NDANI YA TANGI LA KIOO

Ndugu askari msomaji, ikiwa ulikuwa miongoni mwa wale waliovuka kwenda Mogadishu baada ya mwezi Machi wa mwaka 2007, majeshi yetu yalipoingia Somalia chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, basi yumkini mnyama nitakayemweleza leo mmekwisha kuonana, na makutano yenyewe hayakuwa ya furaha. Wengi wetu ni watu wa bara. Tumekua kando ya ziwa au mto, ambamo adui ni mamba na kiboko, nao wote wawili huonekana. Siku ya kwanza tulipopata ruhusa ya kushuka ufukoni, koplo mmoja wa kikosi chetu alivua buti, akakunja suruali, akaingia katika maji yaliyomfika magotini. Hakupiga hatua kumi. Tulisikia ukelele, tukamwona akirudi kwa mguu mmoja, na alipoketi mchangani unyayo wake ulikuwa umechomwa vijiti vyeusi visivyopungua kumi na vitano, vyembamba kama sindano za kushonea, vingine vimekatikia ndani ya nyama.

"Afande," aliniambia huku amekunja uso, "hawa watu wametega hata majini."

Hakuna aliyetega kitu. Koplo alikuwa amemkanyaga mnyama wa duara, mwenye ukubwa wa chungwa, aliyejaa miiba pande zote. Watu wa pwani wana majina yao kwa ajili yake, nami katika makala hii nitamwita nungu wa bahari, kwa kuwa kila mtu wa bara anamjua nungu wa porini, na kufanana kwao hakuhitaji maelezo.

Kabla sijaendelea, niseme alivyotibiwa koplo huyo, maana huenda likamfaa mwingine. Mganga wa kikosi aliutia mguu katika beseni la maji ya moto, ya moto kadiri ngozi iwezavyo kustahimili bila kuungua, akauacha humo kwa muda uliozidi nusu saa, na maumivu yakapungua. Kisha akaing'oa kwa kibano miiba iliyojitokeza, asichimbe ile iliyozama. Mwiba wa nungu ni kitu cha chokaa, huvunjika upesi, na vipande vidogo aghalabu humalizika vyenyewe mwilini baada ya siku kadhaa. Lakini mwiba uliozama karibu na kiungo, au jeraha lililovimba na kutoa usaha, si la kuchezea. Hilo ni la daktari.

Hivyo ndivyo nilivyomjua nungu wa bahari kwanza, kama adui. Sikudhani kwamba ningeishi naye nyumba moja.

Niliporejea kutoka Somalia nilipata likizo, nikaenda Mombasa, nikakaribishwa nyumbani kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa mitambo bandarini kabla ya kustaafu. Sebuleni kwake palikuwa na tangi la kioo lenye urefu wa mita moja na nusu, limejaa maji ya bahari, mawe ya matumbawe na samaki wa rangi mbalimbali. Nami nilipokaribia nikawaona juu ya jiwe nungu watatu weusi, na miiba yao inatikisika polepole kama majani katika upepo. Nilirudi nyuma, na mzee akacheka.

"Mzee wangu," nikamwuliza, "wawezaje kumweka adui sebuleni?"

"Adui wa nani, mwanangu? Huyu ndiye mfagizi wangu. Mtoe huyu leo, na kabla ya miezi miwili hutawaona samaki kwa wingi wa mwani."

Nilikaa kwake siku tisa, na kila jioni tulivuta viti mbele ya tangi. Mengi nitakayoyasema hapa niliyapata kwake; mengine niliyapata vitabuni baadaye, na mengine, kwa bahati mbaya, niliyapata kwa kuua wanyama wasiokuwa na hatia.

Hebu kwanza tumtazame mnyama mwenyewe. Nungu wa bahari ni ndugu wa kiti cha pweza na wa jongoo bahari, na aina zake zilizo hai leo hukadiriwa kuwa 950. Hana kichwa, hana mbele wala nyuma. Mwili wake umegawanyika sehemu tano, kama tundu la mbegu la tofaa ukilikata kwa ubavu. Ndani ya miiba mna gamba la duara la vibao vya chokaa vilivyoungana, na kila mwiba umekaa juu ya kinundu chake kama mfupa wa paja unavyokaa nyongani, hivi kwamba aweza kuuelekeza apendako. Katikati ya miiba hutoka nyuzi laini mamia kwa mamia, kila moja ikiwa na kikombe kidogo cha kunatia kwenye ncha. Hiyo ndiyo miguu yake. Huisukuma nje kwa nguvu ya maji yaliyomo mwilini, huinatisha juu ya jiwe, huivuta, na ndivyo anavyopanda kioo kilichosimama wima bila kuanguka.

Kinywa chake kiko chini, tumboni. Mna meno matano yaliyokusanyika pamoja na kushikwa na mfumo wa mifupa midogo na misuli, ambao wataalamu huuita taa ya Aristotle, kwa sababu mwanafalsafa huyo wa Uyunani, katika karne ya nne kabla ya Kristo, aliutazama akaufananisha na taa. Meno hayo huota daima kadiri yanavyosagika. Kwa meno hayo hukwangua mwani juu ya mwamba, na baadhi ya aina huutoboa mwamba wenyewe zikajitengenezea handaki la kulala.

Jambo lililonistaajabisha kuliko yote ni kwamba hana ubongo. Ana duara la mishipa ya fahamu kuzunguka kinywa, na mishipa mitano itokayo hapo, basi. Walakini ukipitisha mkono juu ya tangi ili kivuli kimwangukie, nungu yule mweusi mwenye miiba mirefu huielekeza miiba yake yote upande wa kivuli kwa mara moja, mfano wa kikosi kilichopewa amri ya kugeuka. Huuhisi mwanga kwa ngozi yake na kwa miguu yake ile laini. Hana jicho hata moja. Kile kiduara chenye rangi ya machungwa kinachong'aa juu yake, ambacho wengi hudhani ni jicho, ni mahali pa kutolea uchafu.

Niliporudi Kampala niliazimia kuwa na tangi langu. Hapa ndipo ugumu wa mtu wa bara unapoanza, kwa maana mzee wa Mombasa akihitaji maji hutuma kijana na madumu wakati maji yamejaa, ilhali mimi niko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini.

Koplo mmoja aliyekuja kunisaidia kubeba vioo alinishauri tutumie chumvi ya Katwe, kwamba chumvi ni chumvi. La. Bahari si maji yaliyotiwa chumvi ya mezani. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi mbalimbali katika kila kilo moja, na ingawa sehemu kubwa ni hiyo chumvi ya kawaida, mna pia magnesi, kalsiamu, potasi na vinginevyo kwa vipimo visivyobadilika. Chumvi ya ziwa Katwe ina mchanganyiko wake wa namna nyingine, nayo ni njema kwa mboga na kwa ng'ombe. Nungu hulijenga gamba lake kwa kalsiamu aitoayo majini. Akikosa kipimo cha miligramu 400 hivi katika lita, gamba na miiba huwa dhaifu. Kwa hiyo hapana budi kununua chumvi iliyotengenezwa makusudi kwa matangi ya bahari, ambayo ni ghali. Tangi la lita 200 hutaka kilo 7 kwa kulijaza mara ya kwanza tu, na ukibadilisha lita 20 kila wiki mbili, kama ipasavyo, utahitaji gramu 700 nyingine kila mara. Mwenye mshahara wa askari na apige hesabu hiyo kabla hajanunua kioo.

Maji ya kuchanganyia nayo si ya bomba moja kwa moja. Maji ya bomba hutiwa klorini, tena yaweza kuwa yamepita katika mabomba ya shaba. Shaba, ndugu msomaji, ni sumu kuu kwa wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo. Kiasi ambacho samaki hakimdhuru, nungu humwua. Yafaa maji yaliyochujwa kwa mtambo mpaka yakabaki maji matupu. Joto liwe baina ya nyuzi 24 na 26, usiku na mchana, na pampu iyazungushe maji daima ili yasikose hewa.

Baada ya kujaza, mtu mwenye pupa hutaka kutia wanyama jioni ile ile. Hilo ni kosa. Uchafu wa wanyama hugeuka kuwa amonia, ambayo huua. Bakteria waishio katika mawe na mchanga ndio huigeuza amonia kuwa kitu cha pili, ambacho nacho ni kibaya, na bakteria wengine hukigeuza kuwa cha tatu kisicho na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua majuma kadhaa kuongezeka. Kwa nungu hata majuma hayo hayatoshi, kwa sababu yeye huja kula mwani, na tangi jipya halina mwani. Mzee aliniagiza ningoje miezi sita. Mimi nilingoja miezi miwili na nusu, nikajiona mvumilivu.

Nungu wangu wa kwanza nilimnunua kwa mfanyabiashara wa Mombasa mwenye leseni ya kusafirisha wanyama wa baharini, pamoja na hati zake zote, naye akaja kwa ndege mpaka Entebbe ndani ya mfuko wa plastiki uliojazwa maji na hewa safi. Nilimfikisha nyumbani saa mbili usiku. Nilikuwa nimechoka, na kesho yake nilikuwa na gwaride. Niliuelekeza mfuko katika tangi kwa robo saa ili joto lilingane, kisha nikamtia ndani, nikazima taa, nikalala. Asubuhi alikuwa chini kwenye mchanga, miiba imelala upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa. Jioni miiba ikaanza kudondoka. Siku ya pili maji yakawa na ukungu na harufu mbaya, nikalazimika kubadilisha nusu ya maji yote ili samaki wasimfuate.

Nilimpigia simu mzee. Hakunilaumu. Aliuliza swali moja tu: "Ulipima chumvi ya maji ya mfukoni?"

Sikupima. Na hilo ndilo jambo ambalo kila anayetaka kumfuga nungu hana budi kulishika kabla ya mengine yote. Samaki ana figo na matamvua yawezayo kusawazisha chumvi ya mwili wake maji yakibadilika kidogo. Nungu hana. Majimaji yaliyo ndani ya gamba lake yana chumvi sawa na maji yaliyo nje, na yakibadilika ya nje kwa ghafula, ya ndani hubadilika pia, na viungo vyake huharibika. Ataweza kuishi katika maji yenye chumvi zaidi kidogo au pungufu kidogo, ila mabadiliko yaje polepole. Hivyo mgeni hutiwa kwanza katika ndoo pamoja na maji yake mwenyewe. Mpira mwembamba hutoka tangini ukafungwa fundo, ili maji yadondoke tone baada ya tone, mpaka maji ya ndoo yaongezeke mara tatu au nne. Kazi hiyo huchukua saa mbili, na afadhali tatu. Hatolewi hewani hata kidogo ikiwezekana, maana hewa huweza kunasa ndani ya gamba. Hubebwa ndani ya chombo kidogo kilichozamishwa majini.

Kwa sababu hiyo hiyo maji yapunguayo tangini kwa jua na upepo hayaongezwi kwa maji ya chumvi. Kinachopaa ni maji peke yake, chumvi hubaki. Mtu aongezaye maji ya chumvi kila siku atakuta baada ya mwezi bahari yake imekuwa kali kupita kiasi. Huongezwa maji matupu, kidogo kidogo, kila asubuhi. Mimi huongeza kabla ya kupiga buti rangi, nisije nikasahau.

Wa pili nilimpokea kwa saa tatu nzima, nikiwa nimeketi juu ya sanduku la risasi tupu na saa mkononi. Aliishi miezi saba. Alikuwa wa aina ile yenye miiba mifupi, meupe kwa rangi ya machungwa, ambayo hupenda kujifunika. Huokota makombe, vipande vya mwani, hata kifuniko cha chupa kilichoanguka tangini, akavishikilia juu ya mwili wake kwa miguu yake laini, akatembea navyo kama askari aliyejifunika majani vitani. Wataalamu hawakubaliani kwa nini hufanya hivyo. Wapo wasemao ni kwa kujikinga na jua kali, wapo wasemao ni kwa kujikinga na mawimbi au maadui. Watoto wa jirani zangu walikuja kila Jumamosi kumpa kombe jipya avae.

Naye nilimwua mimi. Samaki mmoja alipata ugonjwa wa vidonda vyeupe vidogo kama chembe za chumvi. Nilinunua dawa dukani, mwuzaji akanihakikishia kuwa ni dawa njema ya samaki, na kwa hakika ilikuwa njema kwa samaki. Niliimimina bila kusoma maandishi madogo nyuma ya chupa. Ilikuwa dawa ya shaba. Kwa saa ishirini na nne nungu wangu aliangusha makombe yake yote moja baada ya moja, kisha akaachia kioo. Yule samaki alipona. Tangu hapo samaki mgonjwa humtibu katika ndoo ya peke yake, na mawe ya tangi lile la kwanza niliyatupa yote, kwa sababu shaba hunyonywa na mawe ikatoka tena polepole baadaye.

Kuna kifo cha tatu ambacho sikukisababisha mimi ila nimekiona katika nyumba za wengine, nacho ni njaa. Mtu humnunua nungu kwa kuwa tangi lake limejaa mwani. Baada ya miezi miwili tangi ni safi, mwenye tangi anafurahi, na nungu hana chakula. Hafi upesi. Nungu mwenye njaa aweza hata kulipunguza gamba lake, akawa mdogo kuliko alivyokuwa, akaishi hivyo muda mrefu. Kwa hiyo mtu humwona hai, akadhani ameshiba. Yatupasa kumpa mwani mkavu, ule uuzwao kwa karatasi nyembamba kwa ajili ya chakula cha Kijapani, usiotiwa chumvi wala viungo. Hubanwa kwenye jiwe jioni, kwa sababu mnyama huyu hula usiku.

Utauliza, msomaji, kwa nini afisa wa jeshi apoteze wino kwa mnyama asiye na ubongo. Jibu limo katika bahari ya mbali, huko visiwa vya Karibi, na ni habari ya kweli.

Katika bahari ile aliishi nungu mweusi mwenye miiba mirefu, jamaa wa karibu wa yule aliyemchoma koplo wetu. Walikuwa wengi mno, waogeleaji waliwachukia. Mnamo Januari 1983, karibu na mdomo wa mfereji wa Panama upande wa Karibi, wakaanza kufa. Kifo kilifuata mikondo ya bahari toka kisiwa hata kisiwa, na kwa muda wa mwaka mmoja na kidogo kilikuwa kimeenea Karibi nzima. Mahali pengi walikufa zaidi ya tisa katika kila kumi. Hakuna aliyemkamata mwuaji. Mpaka leo chanzo cha kifo cha mwaka 1983 hakikuthibitishwa.

Kilichofuata kilionekana vizuri zaidi Jamaica. Huko samaki wala mwani walikuwa wamekwisha kuvuliwa kupita kiasi, na kimbunga cha mwaka 1980 kilikuwa kimeyavunja matumbawe mengi. Nungu ndiye aliyebaki katika lindo peke yake. Alipoondoka, mwani ukafunika miamba, na matumbawe machanga yakakosa mahali pa kuota. Mwishoni mwa miaka ya 1970 matumbawe hai yalifunika kiasi cha asilimia 52 ya miamba iliyopimwa kandokando ya kisiwa hicho. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalikuwa asilimia 3, na mwani ulikuwa umepanda kutoka asilimia 4 hadi 92. Mwamba ulipokufa samaki nao wakapungua, na mvuvi akarudi na mashua tupu.

Kisha mwaka 2022 wakaanza kufa tena, safari hii kuanzia visiwa vya Virgin. Mara hii wataalamu walikuwa tayari, na mwaka 2023 wakamtaja mwuaji: kijidudu cha chembe moja chenye vinyweleo, kisichoonekana kwa macho matupu, ambacho huingia katika mwili wa nungu na kumla kutoka ndani. Dalili za kwanza ni zile zile nilizoziona tangini kwangu: miguu inalegea, mnyama anaachia mwamba, miiba inadondoka. Katika muda huo huo nungu weusi wa aina yetu walikuwa wakifa katika bahari ya Mediterania, na kufikia 2023 wakafa kwa wingi katika Bahari ya Sham, kisha kijidudu hicho hicho kikagunduliwa katika nungu waliokufa Oman na kisiwani Réunion. Réunion iko katika Bahari ya Hindi, bahari ile ile ipigayo Mombasa na Mogadishu.

Ndiyo maana ufugaji ambao zamani ulikuwa mchezo wa matajiri umekuwa kazi ya serikali na vyuo. Huko Florida na visiwani Karibi wanawazalisha nungu katika matangi ili wawarudishe miambani, na si kazi nyepesi, kwa kuwa mtoto wa nungu mweusi huelea majini kwa majuma matano au sita akiwa mdogo kuliko punje ya mchanga, mwili wake kama hema lenye vijiti, na tone la uchafu huwamaliza wote. Visiwani Hawaii wamefanikiwa zaidi. Mwani ulioletwa huko miaka ya 1970 kwa kilimo, wa jamii ile ile ilimwayo Zanzibar, ulitoroka ukafunika matumbawe ya ghuba ya Kāneʻohe. Serikali ya huko ikajenga kituo cha kuzalisha nungu, wa aina yake yule nungu wangu wa makombe, ikawaweka juu ya miamba iliyosafishwa kwa mashine. Wamekwisha kuachiwa mamia ya maelfu, nao wanafanya kazi bila mshahara.

Hata hivyo nisimsifu kupita kiasi. Katika pwani ya Kenya, Tim McClanahan, mtaalamu aliyeichunguza miamba hiyo tangu miaka ya 1980, alionyesha upande wa pili. Ndani ya hifadhi za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968 na ambamo uvuvi umekatazwa, nungu ni wachache, kwa sababu yupo samaki aitwaye kikande, mwenye meno ya kuvunja gamba, awalaye. Nje ya hifadhi, palipovuliwa kikande, nungu wadogo watoboao miamba waliongezeka mpaka wakaanza kuutafuna mwamba wenyewe. Akikosekana ni balaa, na akizidi ni balaa. Na tangini ni vivyo hivyo: mimi katika lita 200 huweka mmoja, wala sithubutu kumtia kikande pamoja naye.

Kwa askari walioko pwani, au watakaopelekwa huko, niongeze onyo. Usimchukue mnyama yeyote katika hifadhi ya bahari, ni kosa la sheria, na afisa wa polisi atakayekukamata hatajali cheo chako. Tena yuko nungu mmoja mwenye miiba mifupi isiyotisha, ambaye mwili wake umefunikwa na vitu kama vijiua vya rangi ya waridi na nyeupe. Ni mzuri kuliko wote. Vijiua vile ni vikoleo vyenye sumu kali. Usimshike kwa mkono mtupu, wala usimweke nyumbani penye watoto.

Hivi sasa ninaye wa tatu, mweusi wa miiba mirefu, na huu ni mwaka wake wa pili. Umeme ukikatika usiku, pampu ndogo ya betri huanza kuvuma yenyewe. Niliinunua kabla yake. Nimekwisha kujua desturi zake. Mchana hujificha nyuma ya jiwe la kushoto. Kwenye saa tatu usiku, taa zikizimwa, hutoka, huzunguka kioo cha mbele toka kulia kwenda kushoto, na alfajiri hurudi mahali pale pale. Asubuhi nikija na kopo la maji nakuta njia yake imeandikwa katika mwani mwembamba wa kioo, alama ndogo ndogo za meno matano, nyota baada ya nyota.

Yule koplo alikuja kunitembelea mwezi uliopita, siku hizi ni sajini. Alisimama mbele ya tangi kwa muda mrefu, mikono nyuma, akiutazama mguu wake wa kulia na kumtazama mnyama. Kisha akaniuliza anakula nini.